ULIFANYIWA, USIFANYE
Uonevu shuleni na kwenye simu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wa Majengo katika Ramadhan ya 1447, na kuandikwa kwa ajili ya jarida letu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Nimepewa mada ya uonevu katika shule za upili, ule wa bwenini na huu wa kwenye simu. Najua wako watakaosema: mbona mwezi wa Ramadhan tusisikie habari za funga, zaka na Lailatul Qadr? Subirini kidogo. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba tunazungumzia saumu hii hii.

KWA NINI MWAKA HUU

Kwanza natoa hesabu ndogo, nayo ni muhimu. Kidato cha kwanza wa mwisho katika nchi yetu waliingia shuleni Januari 2024, baada ya mtihani wa mwisho wa KCPE kufanywa mwaka 2023. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza kabisa, manake watoto wa mtaala mpya walikuwa bado Gredi ya 9. Januari 2026 ndio wakaingia shule za upili, Gredi ya 10, na masanduku yao mapya na sare zinazowapwaya.

Sasa fikiria. Wale walioingia mwaka 2024 walipata makaribisho yale mnayoyajua. Wakapanda kidato cha pili mwaka 2025, wakatazama chini, hakuna mtu. Mwaka mzima hawakuwa na mgeni wa kumtuma wala wa kumtisha. Leo wako kidato cha tatu, na wageni wamefika. Machungu ya mwaka 2024 bado wanayo, na mtu wa kumlipizia amepatikana.

Wewe uliye kidato cha tatu unayesoma maneno haya, ninazungumza nawe kwanza. Mnyororo huu ulikatika wenyewe kwa mwaka mmoja. Wewe ndiye utakayeamua kama utaungwa tena au utabaki umekatika.

UTANI NI UTANI, UONEVU NI UONEVU

Kila mwonevu ukimshika anasema: "Nilikuwa namtania tu." Basi tuelewane. Sisi Waswahili utani tunaujua. Utani una heshima zake na watu wake. Mtani wangu akinitania leo, kesho nami namtania, na hata msibani tunataniana na hakuna anayekwenda kulia chooni. Utani ni njia ya kwenda na kurudi.

Mtaalamu mmoja wa Norwei, Dan Olweus, aliyetumia maisha yake kuchunguza jambo hili mashuleni, alitoa alama tatu za uonevu. Ya kwanza, mtu anakusudia kuumiza. Ya pili, jambo linarudiwa rudiwa. Ya tatu, nguvu hazilingani, yaani anayefanyiwa hawezi kujitetea. Nchi yake iliamka mwaka 1983 na kuanzisha kampeni ya taifa zima, baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa mwaka 1982.

Chukua alama hizo uzipeleke bwenini. Mgeni, ambaye miaka yote tumekuwa tukimwita "mono", anaambiwa apime urefu wa bweni kwa njiti ya kibiriti. Anaambiwa azime taa ya umeme kwa kuipuliza. Anapewa kiatu ampigie mama yake simu. Anatumwa mkate kwa shilingi kumi na kutakiwa arudi na chenji. Hayo wengi hucheka, hata yeye mwenyewe huenda akacheka siku ya kwanza. Lakini usiku wa pili sanduku lake linavunjwa kufuli, sabuni inachukuliwa, blanketi linakwenda kwa mkubwa. Usiku wa tatu anaamshwa saa nane akafue nguo zisizo zake. Wa nne anapigwa kwa sababu alisahau kusema "asante". Je, yeye anaweza kuwafanyia hivyo hao wakubwa? Hawezi. Basi utani umekwisha hapo, na kilichobaki ni dhulma.

Dini yetu haikungoja mtaalamu wa Norwei. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaenda akachukua kamba aliyokuwa nayo, yule akashtuka kwa hofu. Katika riwaya nyingine ni mishale yake ilichukuliwa, na watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Hebu tazama: mtu kalala, kitu chake kimechukuliwa kwa mzaha, watu wanacheka. Hili ndilo bweni lenyewe. Na hapo hakukuwa na kofi wala kufuli lililovunjwa. Mshtuko wa mtu aliyelala tu, umekatazwa.

"HATA MIMI NILIFANYIWA"

Huu ndio mzizi wa maneno yetu ya leo. Ukimuuliza mwonevu kwa nini, mara nyingi hatakwambia "mimi ni mbaya". Atakwambia: "Hata mimi nilifanyiwa." Analisema kama mtu anayeonyesha risiti. Nilikopwa, sasa nadai.

Lakini deni hilo anamdai nani? Aliyempiga mwaka 2024 huenda ameshamaliza shule, yuko chuo au yuko Gakoromone anauza nguo. Anayelipa ni mtoto aliyefika juzi, ambaye hakuwepo wala hakujua. Ukiibiwa baiskeli Makutano ukaenda kumpokonya baiskeli mtu wa Nkubu, wewe hujalipwa. Wezi wamekuwa wawili.

Mwenyezi Mungu (s.w.) ametupa kisa cha kijana aliyefanyiwa na ndugu zake mwenyewe. Nabii Yusuf (a.s.) alivuliwa kanzu, akatupwa kisimani, akauzwa kama mzigo. Walikuwa wengi na yeye mmoja, walikuwa wakubwa na yeye mdogo. Miaka ikapita, akawa msimamizi wa maghala ya Misri, na njaa ikawaleta wale wale mbele yake wakiomba nafaka. Askari ni wake, jela ni yake, mizani iko mikononi mwake, na wao hata hawamtambui. Kama yupo mtu aliyewahi kuwa na haki ya kusema "hata mimi nilifanyiwa", ni yeye. Soma mwisho wa Surat Yusuf uone alifanya nini. Aliwaambia hakuna lawama juu yao siku hiyo, akawaombea msamaha.

Na sisi tunaotaka kulipiza, hatuwalipizi hata hao walio tukosea. Tunamlipizia mtoto mgeni!

KINACHOITWA KAWAIDA

Wazazi, msidhani haya ni mambo ya watoto yatakayopita. Uonevu hukua pale watu wazima wanapousema ni kawaida. Kaunti yetu hii ya Meru inalo kovu ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito kule Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana wa shule yao wenyewe, wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa usiku ule, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa, na zaidi ya 70 walinajisiwa. Nchi nzima ilishtuka. Na kilichoumiza zaidi ni habari zilizotoka baadaye, kwamba kabla ya usiku ule wasichana walikuwa wamezoea kusumbuliwa na wavulana, na jambo hilo likachukuliwa ni la kawaida. Kama wakubwa wangeona kusumbuliwa kule ni jambo zito, pengine usiku ule usingefika.

Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne ndani ya chumba chao wakiwa wamelala, wakawamwagia petroli na kuwachoma. Wote wanne walifariki. Hakuna kiranja, hata awe mkali vipi, anayestahili hivyo, na aliyefanya vile ni muuaji. Lakini tuone pia jinsi chuki baina ya wakubwa na wadogo inavyoweza kutokota kimyakimya mpaka siku moja chungu kikafurika.

Mwaka 2017 magazeti yalijaa habari za shule ya Alliance, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa kabisa Kenya. Wanafunzi wadogo walikuwa wakipigwa na kuteswa na viranja na wakubwa wao usiku. Wizara ya Elimu ikatuma wachunguzi, na mkuu wa shule akastaafu mapema. Kwa hivyo mzazi usijidanganye kwamba shule ikiwa na jina na alama nzuri basi mwanao yuko salama. Alama za mtihani hazituambii bweni linakuwaje taa zikizimwa.

UONEVU USIOJUA KENGELE

Zamani mtoto akionewa shuleni, alikuwa na siku ya kufunga shule. Akifika nyumbani Majengo, akakaa na mama yake, akala futari yake, amepumzika. Leo yule mwonevu anakuja naye nyumbani, ndani ya mfuko wa suruali.

Shuleni simu zimekatazwa, lakini sote tunajua za siri ziko, na wa kutwa wanazo za kwao au za dada zao. Likizo ikifika ndio mlango umefunguliwa. Kunaundwa kundi la WhatsApp la darasa, na mtoto mmoja anaachwa nje makusudi ili asemwe. Picha yake amelala mdomo wazi inageuzwa stika, inatumwa kila anayejibu ujumbe. Kunafunguliwa akaunti isiyo na jina ya "kuanika" wasichana wa shule fulani. Msichana amempenda kijana, akamtumia picha asiyostahili kuituma, wakagombana, kesho yake picha iko kwa shule tatu. Na siku hizi hata hahitaji kutuma. Kuna programu za akili bandia zinazochukua uso wa binti wa watu na kuubandika kwenye mwili usio wake.

Mwaka 2012 Kanada kulikuwa na msichana wa miaka 15 aliyeitwa Amanda Todd. Mtu asiyemjua alimlaghai kwenye intaneti akapata picha yake, kisha akaisambaza. Alihama shule, picha ikamfuata. Akahama tena, ikamfuata. Alifariki Oktoba mwaka huo kwa kujitoa uhai, baada ya kuieleza dunia yaliyomsibu kwa kuandika kwenye vikaratasi na kujirekodi. Mtu yule alikuwa Uholanzi, ng'ambo ya bahari, naye alihukumiwa miaka 10 baadaye, mwaka 2022. Lakini waliomcheka na kumsimanga kila siku hawakuwa Uholanzi. Walikuwa wanafunzi wenzake.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mwovu aliyeanzisha alikuwa mmoja, lakini mmoja peke yake hana nguvu bila wapokezi. Picha inapigwa na mtu mmoja, inatumwa na 40. Kila mmoja kati ya hao 40 anasema "mimi nimefowadi tu, si mimi niliyeipiga". Surat al-Hujurat imetufunga mlango huu kwa aya zinazofuatana: tuhakikishe habari kabla ya kuzibeba, tusidharauliane, tusiitane majina mabaya, tusipelelezane, tusisengenyane. Na kusengenya kumefananishwa na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Ukifowadi, umemkatia mwenzako pande. Ukibonyeza alama ya kucheka, umesema nyama ni tamu. Na haya unayafanya ukiwa umefunga, mdomo umekauka, unahesabu dakika za magharibi!

Na kama humuogopi Mungu, basi iogope serikali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 ina kifungu cha kusumbua watu mtandaoni. Ilipopitishwa, iliweka adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Kusambaza picha za faragha za mtu nako kumewekewa adhabu yake, faini mpaka shilingi 200,000 au kifungo cha miaka 2. "Nilikuwa nacheza" haimo humo kama udhuru.

MAJINA TUNAYOITANA

Muislamu anayesoma katika shule zetu za huku bara anajua majina. Msichana akivaa hijabu anaitwa jina la kundi la magaidi. Mvulana akiamka kula daku anaitwa mchawi wa usiku, na pengine anakuta chakula alichokiweka kimeliwa. Inauma, na tuna haki ya kulalamika.

Lakini tujiangalie na sisi. Hapa hapa Majengo, yule ambaye babake alisilimu tunamwita nani? "Muislamu wa juzi." Mtoto anayekosea makhraj madrasa kwa sababu lugha ya nyumbani kwao ni Kimeru au Kiembu, si tunamwiga mpaka anaacha kuja? Mwenye kigugumizi, mnene, mwembamba, mweusi sana, mwenye mama anayeuza mahamri, wote tumewapa majina.

Abu Dharr (r.a.) ni sahaba mkubwa. Siku moja aligombana na mtu, akamtukana kupitia mama yake. Baadhi ya wanavyuoni wanasema aliyetukanwa ni Bilal. Mtume (s.a.w.) alimwambia waziwazi kwamba bado ndani yake mna ujahilia. Hakumwambia "ni hasira tu, yatapita". Na Abu Dharr hakujibu kwamba yeye ametangulia katika Uislamu. Alibadilika, mpaka watu wakaja kumkuta Rabadha amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi kama lake.

Siku nyingine watu walicheka miguu myembamba ya Abdullah bin Mas'ud alipokuwa juu ya mti wa mswaki. Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba miguu ile ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima Uhud. Hakunyamaza ili kicheko kipite. Alimtetea pale pale, mbele ya wale wale waliocheka. Kwa hivyo na wewe ukikuta mtu anachekwa, mtetee hapo hapo. Kwenda kumfariji baadaye kwa siri si kubaya, lakini kumechelewa.

SAUMU NA NGUVU

Sasa turudi kwenye Ramadhan kama nilivyoahidi.

Saumu ni nini? Maji yapo kwenye mtungi, kiu unayo, mlango umeufunga, hakuna anayekuona. Unaweza kunywa, na hunywi. Mwezi mzima Mola wetu anatufundisha jambo moja: kuweza kufanya kitu na kukiacha. Sasa huyo mgeni wa Gredi ya 10 amelala kitanda cha chini, wewe ni mkubwa, mwalimu wa zamu amelala. Unaweza. Hapo ndipo itajulikana kama wewe unafunga au unashinda na njaa tu.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba aliyefunga akitukanwa aseme amefunga. Na akatueleza kwamba asiyeacha maneno ya uongo na matendo yake, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Kisha kuna ile hadithi ya muflisi, ambayo kila nikiisoma naona kama imeandikwa kwa ajili ya mabweni. Aliwauliza masahaba muflisi ni nani, wakasema ni asiye na pesa wala mali. Akawaeleza kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya huyu, akampiga yule. Watapewa katika mema yake mmoja mmoja, na yakiisha kabla ya madeni kwisha, atabebeshwa madhambi yao.

Umeona? Kutukana, kusingizia, kula mali, kupiga. Mambo ya bwenini karibu yote yametajwa. Yule mtoto uliyemla sabuni na sukari atakuja kuchukua Ramadhan yako ya mwaka huu. Utamwona anaondoka na taraweh zako.

TUFANYE NINI?

Kwako unayeonewa. Kosa si lako. Kusamehe ni jambo jema, lakini kusamehe si kunyamaza. Yusuf alisamehe akiwa amekwisha kutoka kisimani. Wewe bado umo kisimani, basi piga kelele. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu wa ushauri, na asipokusikiliza mwambie mwingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kisaikolojia kwa namna yoyote. Hushtaki kwa umbea, unadai haki yako. Kama ni kwenye simu, usijibu matusi na usifute. Piga skrinshoti, hakikisha namba na tarehe zinaonekana, kisha mpe mtu mzima unayemwamini. Na ukihisi dunia imekuwa nyembamba kiasi cha kutaka kujidhuru, usikae peke yako hata usiku mmoja. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto nchini kote, na haikati pesa.

Kwako unayetazama. Ninyi ndio wengi, na wengi ndio nguvu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu, awe ni mwenye kudhulumiwa au mwenye kudhulumu. Alipoulizwa vipi anasaidiwa dhalimu, akasema ni kwa kumzuia. Kwa hivyo ukimshika mkono rafiki yako asimpige mtoto wa watu, wewe umemfanyia wema rafiki yako pia. Ukishindwa kuzuia, kataa kucheka. Ukiletewa picha, ifie kwako. Kama wewe ni admini wa kundi, futa, na umtoe aliyeleta.

Kwako unayeonea. Mlango wa toba uko wazi, na mwezi huu uko wazi zaidi. Lakini hii ni haki ya mja, haifutiki kwa istighfari peke yake. Rudisha blanketi. Lipa sukari. Futa stika na uwaambie wenzako wafute. Mwendee uliyemkosea umwombe radhi, na kama ulimwaibisha mbele ya bweni zima, msafishe mbele ya bweni zima.

Kwenu wazazi. Mtoto akija likizo fupi na shopingi imekwisha wiki mbili kabla ya wakati, blanketi limepotea tena, simu anaificha akikuona, na siku ya kurudi shule anaumwa na tumbo, tafadhalini msiseme "jikaze, hata sisi tulipita huko". Neno hilo ni ule ule mnyororo, mmeupitisha ninyi. Kaeni naye baada ya futari, TV imezimwa, muulizeni mara moja kisha mnyamaze mumsikilize. Na mtoto wenu akishtakiwa kuwa ndiye mwonevu, msikimbilie kumtetea.

Kwenu walimu wetu wa madrasa, na nasema kwa adabu kwa sababu mmetulea. Mtoto akichapwa na kuchekwa mbele ya halaka kwa kukosea aya, wenzake wamesomeshwa kwamba aliye dhaifu anachekwa. Anas bin Malik (r.a.) alimhudumia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utoto wake, na akasimulia kwamba hakuambiwa hata "uff". Hiyo ndiyo sunna ya mkubwa mbele ya mdogo.

Ndugu zangu wa kidato cha tatu na cha nne, nilianza na ninyi na ninamalizia na ninyi. Ramadhan hii iko katikati ya muhula, na wengi wenu mnafungia shuleni. Mtafute yule Muislamu wa Gredi ya 10 katika bweni lenu, na asiye Muislamu pia, maana dhulma ni haramu kwa wote. Muonyeshe maji ya kuogea yako wapi. Mwamshe kwa daku kwa sauti ya ndugu. Mwachie tende mbili. Mwaka 2028 yeye ndiye atakayekuwa mkubwa wa bweni, na wageni watakapokuja atawafanyia alichofanyiwa. Basi hakikisha alichofanyiwa ni kizuri.

Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awalinde watoto wetu mabwenini na majumbani, awape nguvu wanaodhulumiwa, na awaongoze wanaodhulumu kabla ya siku ambayo hakuna wa kumtetea mwenzake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.